Karata za Bologna: Mauti ni tupu, Malaika ndiye mkubwa

*Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi Malindi kwa nyanya mmoja Mwitaliano, kwao ni Bologna. Kila Ijumaa jioni wenzake watatu huja wakacheza karata ndefu, nyembamba, zenye picha za jua, mwezi, shetani, mifupa ya mauti, na watu weusi wanne. Akiwa peke yake huzipanga mezani akazitazama. Juzi aliniambia, "Leo kuna barua." Sasa mwenzake mmoja amerudi kwao, na nyanya anataka mimi niwe wa nne. Mamangu amekataa katakata, asema hizo ndizo karata za uchawi tunazoziona kwenye simu, taroti. Ni kweli? Na wale weusi wanne ni sisi? Nikikubali, nitaziweza?*

Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara tatu, maana hizo karata nimeishi nazo. Nilipokuwa mwanafunzi Bologna nilikaa majuma matatu nyuma ya viti vya wazee kwenye kilabu cha mtaani, nikitazama tu, kabla hawajanivutia kiti. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, na nitaanza na jambo ambalo nyanya wako huenda halijui, kwa kuwa linatuhusu sisi watu wa Pwani.

Chukua karata moja ya kawaida, zile za dukani, yenye alama ya moyo mwekundu. Sisi twaiita nini? Kopa. Ya almasi twaiita uru, ile nyeusi yenye ncha shupaza, na ile ya majani matatu pau. Umewahi kujiuliza kwa nini moyo uitwe kopa? Mwulize nyanya akuonyeshe karata zake za *coppe*. Utaona vikombe. Kopa ni kikombe. Maneno hayo tuliyapata kwa Wareno, waliofika hapo hapo Malindi na Vasco da Gama mwaka 1498 na kukaa Pwani karne mbili. Karata zao zilikuwa na vikombe, sarafu za dhahabu, panga na marungu: *copas, ouros, espadas, paus*. Baadaye zikaja karata za Kifaransa zenye moyo na almasi, picha zikabadilika, sisi tukabaki na majina ya zamani. Karata za Bologna zingali na zile picha zenyewe. Kwa hiyo nyanya akisema *spade* naye ameshika picha ya upanga, wewe sema shupaza, mtaelewana.

La pili ni kubwa zaidi. Marehemu nyanya yangu, Mombasa, alikuwa hodari wa wahedi wasitini. Wakishagawa karata mkekani, swali la kwanza lilikuwa, "Turufu nini?" Neno hilo turufu ni la Kireno, *trunfo*, na Wareno walilitoa kwenye *trionfi* ya Kiitaliano, yaani "ushindi". Na *trionfi* ndilo jina la kwanza kabisa la hizo karata unazoziogopa. Mwaka 1440 mjini Florence, mthibitishaji mmoja wa hati, Giusto Giusti, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba amenunua seti ya karata za *trionfi* za kumpa bwana mkubwa wa vita, Sigismondo Malatesta. Hayo ni miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi tuliyo nayo juu yake. Jina *tarocchi*, lililozaa "taroti", linaanza kuonekana kwenye maandishi mwaka 1505. Maana yake ni kwamba hizo picha za jua, mwezi na shetani zilibuniwa ziwe turufu: karata zinazokula nyingine zote. Katika mchezo wetu turufu huchaguliwa miongoni mwa kopa, uru, shupaza na pau. Kwao turufu ni jamii ya tano, inayojitegemea, yenye picha zake. Hapo ndipo ulipo msingi wa jambo lote, na mueleze mamako hivyo hivyo.

Sasa uchawi. Taroti unayoiona kwenye simu ni seti ya karata 78, na mara nyingi picha zake zinafuata zile zilizochorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909. Hadithi kwamba karata hizo zimebeba siri za makuhani wa Misri ilianza Ufaransa mwaka 1781, alipoiandika Antoine Court de Gébelin. Aliiandika miaka zaidi ya 40 kabla ya Champollion kuyafumbua maandishi ya Misri ya kale mwaka 1822, yaani wakati ambapo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma neno moja la kuchongwa kwenye mahekalu yale. Alikisia, watu wakapenda, na mpaka leo wapo wanaouza vitabu kwa kisio hilo. Lakini kufikia mwaka huo Waitaliano walikuwa wameshazicheza karata hizo zaidi ya miaka 340, mezani, kwa kelele.

Hata hivyo sitakuficha. Nyanya wako hakosei akizipanga na kusema kuna barua; hiyo nayo ni desturi ya kwao, na Bologna ina jambo la peke yake hapo. Katika maktaba ya chuo kikuu cha mji huo mna karatasi iliyoandikwa kabla ya 1750 hivi, iliyotolewa hadharani na mtafiti Franco Pratesi mwaka 1989. Imeorodhesha karata 35 na maana ya kila moja, nazo hupangwa katika mafungu matano, saba saba. Ndiyo hati ya zamani zaidi tunayoijua ya kutazamia kwa taroti, na ni ya kabla ya Mfaransa yule na Misri yake. Na soma kilichomo: Jua ni mchana, Mwezi ni usiku. Dunia ni safari ndefu. Nyota ni zawadi. Malaika ni harusi na mapatano. Ree ya vikombe ni nyumba, ree ya sarafu ni meza, kumi ya sarafu ni pesa, kumi ya panga ni machozi, kumi ya marungu ni mwizi. Malkia wa panga ni ulimi mbaya. Ree ya panga ni barua.

Umeiona barua yako? Mimi kila nikiisoma orodha hiyo naona wanawake jikoni, wanaosubiri habari ya mume aliye safarini, wanaomhofu mwizi, wanaomjua jirani mwenye ulimi. Hamna nyota za angani wala makuhani. Imepita kwa midomo, mama kwa binti, karne mbili na zaidi, na hata idadi ya karata zinazotumika hutofautiana kati ya nyumba na nyumba.

Je, ni halali kwako? Mimi si shekhe wala kasisi, na kutazamia ni kutazamia, kuwe kwa mchanga wa ramli, kwa bao au kwa karata. Dini yako inalo neno juu yake na unalijua. Ushauri wangu ni uyatenge mambo mawili. Ijumaa ni mchezo, na mchezo huo hauna dua, hauna pepo, hauna kafara. Akizipanga peke yake mchana, huo ni wakati wake, akitaka kukutazamia wewe, mwambie kwa adabu, "Nyanya, hilo kwetu hatufanyi." Mtu wa Bologna ataelewa, na wengi wa wenzake wanaocheza maisha yao yote hawajawahi kuzitazamia hata siku moja. Na kuhusu pesa, sema mapema kwamba unacheza bila dau. Wale wazee wangu walikuwa wakicheza kwa kahawa, aliyeshindwa alipe. Nayo ukiona ina utata kwako, iache.

Nije kwa wale weusi wanne, maana swali lako "ni sisi?" lilinigusa.

Zamani mahali pao palikuwa na picha nyingine: Papa, Papa wa kike, mfalme mkuu na malkia wake. Wabologna waliwaita wote wanne "mapapa". Mji wa Bologna ulikuwa chini ya dola ya Papa wa Roma tangu 1506, lakini wakubwa wa mji walijihesabu kuwa na sauti yao, kwa mapatano ya zamani kati ya baraza lao na mjumbe wa Papa. Mwaka 1725 kasisi mmoja wa huko, Luigi Montieri, alitoa karata za kufundishia jiografia: picha za mchezo juu, maelezo ya nchi na miji chini. Kwenye maelezo ya Bologna akaandika maneno mawili, *governo misto*, yaani serikali ya mchanganyiko. Maneno mawili tu! Mjumbe wa Papa, Kadinali Ruffo, akaona ni uasi: inawezekanaje mji wa Papa uwe na mwenye mamlaka mwingine? Montieri akakamatwa, karata zikachomwa moto. Lakini kumfunga mtu kwa maneno ambayo Wabologna wote waliyaamini kungewasha mji, basi wakamwachilia, wakatafuta kosa lingine la kuadhibu: haifai Papa kuwekwa kwenye karata. Ikatoka amri, wale wanne waondolewe na mahali pao wawekwe Wamori wanne.

Mmori, kwa mawazo ya Ulaya ya wakati huo, alikuwa Mwislamu wa Afrika Kaskazini, au Mturuki, au mtu yeyote mweusi wa mbali, wachoraji hawakutofautisha. Kwa hiyo si sisi hasa, mwanangu, wala hakuna aliyekaa akachorwa. Ni sura ya kubuni, ya "mgeni" ambaye hakuna mkubwa wa Roma atakayelalamika akipigwa mezani. Hilo lina uchungu wake na sitalipaka sukari. Nilipokaa kitini mara ya kwanza, mzee mmoja alitupa Mmori mbele yangu kisha akanitazama usoni, akaona haya. Nikamwuliza historia ya karata hiyo. Hakuijua. Ndiyo iliyonifanya niitafute.

Na kuna jambo zuri ndani yake, la kiufundi, linalopendwa na wachezaji wote. Wale mapapa wanne walikuwa sawa kwa cheo, na Wamori wakarithi. Hakuna Mmori mkubwa kuliko mwenzake. Wakitupwa wawili au watatu katika mzunguko mmoja, anayekula ni wa mwisho kutupwa. Sijui mchezo mwingine wenye utamu huo: unatupa Mmori wako kwa kujiamini, wa kulia kwako anatupa wake, umeliwa; mwenzako anayekukabili anatupa wa tatu, mmerudi; kisha yule wa mwisho anatabasamu. Anaye wa nne.

Twende kwenye kucheza kwenyewe, kwa ufupi wa kukutosha Ijumaa ya kwanza. Seti ya Bologna ina karata 62. Ile ndefu ya kale ilikuwa 78. Wao waliondoa mbili, tatu, nne na tano za kila alama, ndiyo maana mchezo wao huitwa *tarocchino*, taroti ndogo. Kila alama ina kumi: Mfalme, Malkia, Mpanda farasi, Mtumishi (yule ghulamu wetu, kwenye vikombe na sarafu ni msichana), kisha kumi mpaka sita, na ree. Jumla 40. Zilizobaki 22 ni zile za picha: turufu 21, na Mwendawazimu.

Turufu zenyewe zijifunze kutoka juu. Malaika, Dunia, Jua, Mwezi: hizi nne ni kubwa, nazo hutambuliwa kwa picha tu, bila namba. Kisha zenye namba: Nyota 16, Radi 15, Shetani 14, Mauti 13, Msaliti 12 (ananing'inia kichwa chini), Mzee 11, Gurudumu 10, Nguvu 9, Haki 8, Kiasi 7, Gari 6, Mapenzi 5. Chini yao Wamori wanne, na mwisho kabisa yule mfanya mazingaombwe na meza yake, wanayemwita Begato.

Mwambie mamako hili: Shetani na Mauti anaowaogopa, mezani hawana thamani. Kwa hesabu ya pointi ni karata tupu, sawa na saba ya vikombe. Zenye pointi ni Malaika, Dunia, Begato na Mwendawazimu, tano tano kila moja. Wafalme tano, Malkia nne, Wapanda farasi tatu, Watumishi mbili. Karata huhesabiwa mbili mbili: yenye pointi huunganishwa na tupu, ikapewa thamani yake, tupu mbili pamoja ni pointi moja. Anayekula mzunguko wa mwisho huongezewa sita. Ukijumlisha vyote utapata 93, na ukipata namba nyingine mwisho wa hesabu, rudia, kuna karata imejificha chini ya kitambaa.

Mnacheza wawili kwa wawili, mwenzako mbele yako, na zamu huenda upande wa kulia. Mgawaji hugawa tano tano mpaka kila mmoja ana 15. Mbili zinazobaki huchukua yeye, kisha huzika mbili asizozitaka, ila si zile za pointi tano. Unafuata alama iliyotupwa. Huna, lazima utoe turufu, hata kama haitakula. Huna turufu, tupa chochote. Mwendawazimu hali wala haliwi: unamwonyesha ili kujiokoa, kisha unamrudisha kwenye fungu lako na kutoa karata tupu badala yake. Kitakachokuchanganya wiki ya kwanza ni mpangilio wa namba. Kwenye panga na marungu, kumi ni kubwa na ree ni ndogo. Kwenye vikombe na sarafu ni kinyume, ree humfuata Mtumishi na kumi ni ya mwisho. Mimi nilipoteza mizunguko mingi kwa kumi ya vikombe kabla mkono haujazoea.

Lakini mchezo wenyewe hauko kwenye 93. Mshindi ni anayefika 800, na kufika huko ni kwa kukusanya: Wafalme watatu au wanne, Malkia watatu au wanne, na kuendelea, au mfululizo, kama Malaika, Dunia, Jua na zinazofuata bila kukatika, au Mfalme na watu wake wa alama moja, au ree tatu, au Wamori watatu. Unahesabiwa kwa ulizonazo mkononi mwanzoni ukizitangaza, na tena mwishoni kwa mlizokula. Makusanyo ya aina moja yakifika matatu, pointi zake huzidishwa mara mbili. Na Begato pamoja na Mwendawazimu huziba mapengo: Jua likikosekana kati ya Dunia na Mwezi, mmoja wao husimama mahali pake. Ndiyo maana utaona nyanya analinda Begato, turufu dogo kuliko yote, kama mayai kapuni. Ukimwona amemtupa mapema, ujue amebanwa.

Utawasikia pia wakipiga meza. Usishtuke, hawagombani. Anayeanza mzunguko anaruhusiwa kumpa mwenzake ishara: akigonga ngumi mezani, anakuambia utoe kubwa uliyo nayo, akiirusha karata hewani ikaangukia mezani, anakuambia hiyo ni yake ya mwisho ya alama ile. Kwingine huo ungekuwa wizi, kwao ni kanuni. Kwenye kilabu kile vikombe vya kahawa vilikuwa vikiruka.

Ukiamua kujifunza, mwombe nyanya akupe seti usiku mmoja uzoee picha. Ukinunua yako, au ukiagiza kwa mtu anayetoka Italia, msisitizie iandikwe *Tarocco Bolognese* na ziwe 62, kwa maana dukani kwao kuna za Piemonte ambazo ni 78 na za Sicilia ambazo ni nyingine kabisa. Kila mkoa na zake, na muuzaji asiyecheza atakupa yoyote. Za Bologna siku hizi hutengenezwa na kiwanda cha Dal Negro, Treviso. Na huko kwenu Malindi kuna unyevu wa bahari: zikishikana, zifute moja moja kwa kitambaa kikavu, usizianike juani. Mkimaliza zihesabu kabla ya kuzifunga. Moja ikipotea huwezi kuiazima kutoka seti ya dukani kwetu, na karata 61 hazigawanyiki.

Ijumaa ukikaa, kaa ukimtazama nyanya, uwe mwenzake. Akigonga meza, toa kubwa.